Pindo la Kukulia

Fundi cherehani wa mtaa wetu hakuwa mtu wa kuamini mambo. Ukimwambia paka mweusi amekukatizia njia, atakuuliza kama hakuwa anamfukuza panya. Ndiyo maana yaliyompata yananinyima usingizi zaidi kuliko kama yangempata mwingine. Mtu mgumu kuamini namna ile akikueleza jambo, huna pa kulikwepea.

Mume wake aliendesha gari la kusambaza mikate. Binti yao mkubwa walimpa jina la Bibi Harusi, maana akianza kuvaa mnaweza kwenda sokoni na kurudi mkamkuta bado anachana nywele. Wa pili alikuwa na miaka saba, wakimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukuwa na kituo. Katika nyumba hiyohiyo alikaa pia wifi yake fundi, dada wa mume, aliyekuwa anajifunza kushona. Alikuwa na mkono mzuri, ila alipenda mno kurudiarudia kazi iliyokwisha.

Fundi alikuwa na desturi yake. Familia ikienda penye watu wengi, wote huvaa nguo zilizokatwa kwenye jora moja. "Mtoto akipotea simtafuti kwa sura," alizoea kusema. "Sura zinafanana. Namtafuta kwa kitambaa."

Kwa hiyo ile Ijumaa, kesho yake wakiwa na safari ya bustani ya michezo, alikuwa anamalizia gauni la njano la Chiriku. Mtoto alisimama juu ya kigoda, mama amepiga magoti chini na pini mdomoni.

"Mbona umelikunja sana huku chini, mama?"

"Hili ni pindo la kukulia. Miguu ikirefuka, unatafuta fundo, unavuta uzi taratibu, nguo inashuka yenyewe. Au unataka gauni jipya kila mwaka kama mtoto wa waziri?"

"Ndiyo," Chiriku akasema.

Uzi wa njano ulimwishia ikiwa imebaki kama shubiri moja tu. Fundi hakutafuta mwingine. Alikuwa amechoka, mgongo unamuuma, akamalizia na wa kijani uliokuwa kwenye cherehani ya pili.

"Wifi, kijani kwenye njano?" wifi yake akasema. "Watu watasema nyumba hii tunashona tumefumba macho."

"Nani atalala chini amchungulie mtoto pindo? Hebu tukalale."

Yeye akaenda kulala. Wifi akabaki kufagia vipande.

Asubuhi wifi alisema hasafiri, atabaki na wateja. Wengine wakapanda lile gari la mikate, mume akiwa ameruhusiwa kulitumia siku hiyo. Bustani ilikuwa imefurika. Muziki ulitoka kwenye vipaza sauti vilivyofungwa juu ya nguzo, na harufu ya mafuta ya mashine ilichanganyika na ya sukari iliyoungua. Mume alijitazama shati lake la njano, akaitazama blauzi ya Bibi Harusi, akamtazama mkewe.

"Tunafanana na timu iliyofungwa," akasema.

"Hakuna atakayepotea lakini," mkewe akamjibu.

Walizunguka, wakapanda farasi wa mbao, wakalowana kwenye mashua za umeme. Kisha Chiriku akang'ang'ania treni ya pangoni. Ilikuwa treni ndogo iliyoingia kwenye mlima wa saruji uliopakwa rangi ya mawe, ikapotelea gizani na kutokea upande wa pili. Mama alisema miguu yake haitaki tena, atawasubiri. Baba na Bibi Harusi wakakaa kiti cha nyuma. Chiriku akakaa peke yake mbele yao.

Kidato cha behewa kilikuwa juu, na mtoto alipopanda alikusanya gauni lote mkononi. Mama akainama, akamnong'oneza sikioni, "Shusha nguo. Wataona uzi wa kijani kwenye pindo, nikose wateja." Alinong'ona kabisa. Nyuma yake hapakuwa na mtu, palikuwa na mdomo wa pango tu.

Treni iliporudi, Chiriku alikuwa kimya.

Alikuwa amejisogeza hadi ukingoni mwa kiti, bega limebanwa kwenye chuma, kama mtu aliyempisha mwenzake akae.

"Umeogopa?" mama akamuuliza.

"Kuna mtoto alikaa na mimi."

"Mtoto gani?"

"Sikumwona sura. Aliniuliza naitwa nani. Akauliza mama yangu anafanya kazi gani. Nikamwambia."

Fundi akamgeukia mumewe. "Mlikuwa nyuma yake. Mmemwona?"

"Mle ndani hata pua yangu mwenyewe sikuiona, Mama Chiriku."

Mambo ya watoto. Akamnywesha maji, akamfuta uso, akaliacha hapo. Mchana wote alikuwa ameombwa hiki na kile na sikio lake moja lilikwisha kufunga duka.

Baba na Bibi Harusi walitaka kupanda gurudumu kubwa, lile linalokupandisha hadi uone paa za mji. Foleni yake ilikuwa ndefu. Wakakubaliana kukutana kwenye gari. Simu moja waliyokuja nayo ilikuwa mfukoni mwa baba. Mama na Chiriku wakakaa kwenye benchi la mbao karibu na kibanda cha tiketi, mtoto amemshika mkono.

Ndipo muziki ukakatika.

"Tangazo," kipaza sauti kikasema. "Tunaye mtoto wa kike aliyepotezana na wazazi. Amevaa gauni la njano. Anasema anaitwa Chiriku, na mama yake ni fundi cherehani. Mama, tafadhali fika ofisini umchukue."

Fundi alicheka. "Umesikia? Una pacha."

Chiriku hakucheka. Mkono wake ulikuwa umekuwa wa baridi. Muziki ukarudi, watu wakaendelea kupita. Mama akamtazama mtoto wake pembeni, yule ambaye tangu azaliwe hakuwahi kukaa kimya kiasi cha kumaliza kikombe cha chai.

"Sema kitu basi."

"Nini, mama?"

"Chochote."

Mtoto akafikiri. "Twende nyumbani."

Muziki ukakatika tena.

"Tangazo kwa mama yake Chiriku. Mtoto anasema utamtambua kwa pindo la gauni. Umelimalizia kwa uzi wa kijani."

Hilo alilijua fundi na wifi yake tu. Sura inaweza kufanana. Sauti pia. Lakini kazi ya mkono wake haikuwahi kumdanganya. Akainama pale pale kwenye benchi, akageuza pindo la mtoto aliyekaa naye, akalifuata kwa kidole gumba. Njano. Njano. Njano. Akalizungusha lote hadi alipoanzia.

Kijani hakikuwepo.

Aliuachia ule mkono wa baridi.

"Wewe ni nani?"

"Mama, ni mimi."

"Mtoto wangu yuko wapi?"

"Ni mimi, mama." Machozi yalianza kumtoka, lakini hakupiga kelele. Alinong'ona, kama mtu anayeogopa kusikiwa na mwingine. "Usiende. Ndiye yule aliyekuwa ananiuliza."

"Kaa hapo. Usinifuate."

"Utarudi?"

Fundi alikuwa amekwisha kuanza kutembea.

Ofisi ilikuwa chumba kidogo chenye feni na viti vya plastiki. Mhudumu, mwanamke wa makamo, alikuwa anacheka. Kwenye kiti mbele yake alikaa Chiriku, miguu ikining'inia, mdomo haupumziki.

"Afadhali umefika, dada," mhudumu akasema. "Huyu masikio yangu ameyamaliza. Ametokea upande wa pangoni, peke yake. Wala hakulia. Na jua lote hili, hata tone la jasho hana."

Fundi hakusalimia. Alipiga magoti, akageuza pindo. Uzi wa njano, njano, kisha shubiri moja ya kijani. Akamkumbatia mtoto kwa nguvu hadi kiti kikasogea. Mtoto naye akamkumbatia, huku akiendelea kuongea.

Alipotoka alichagua njia ya nyuma ya mlima wa saruji, asipite tena kwenye benchi. Hakutaka kuona. Lakini katikati ya wimbo mmoja na mwingine alisikia kwa mbali, mara moja tu, bila kelele:

"Mama."

Aliongeza mwendo. Ni baadaye ndipo alipokumbuka kwamba siye aliyekuwa akimvuta mtoto. Mtoto ndiye aliyekuwa akimvuta.

Kwenye gari mume aliuliza, "Tumetimia?"

"Tumetimia," fundi akasema. Hakueleza kitu. Angeanzia wapi?

Njiani Chiriku aliongea bila kupumua. Farasi wa mbao. Mashua. Timu iliyofungwa. Dada yake akamwambia, "Hayo tumeshayaona sote. Tuimbie basi ule wimbo wako wa shule, ulioukariri hadi unatukera."

"Wimbo gani?"

"Si ule wa kila siku."

Mtoto akaanza tena: farasi wa mbao. Mashua. Timu iliyofungwa. Maneno yaleyale, kwa mpangilio uleule.

Jioni walipofika, wifi aliwafungulia mlango. Siku zote Chiriku humrukia mgongoni hadi waangukie kochi. Leo alisimama kizingitini.

"Shikamoo," akasema, akangoja aonyeshwe pa kukaa.

"Marahaba. Leo shangazi yako nimekuwa mgeni?" Wifi akacheka, akachuchumaa kumnyoosha gauni lililojikunja. Mkono wake ukasimama kwenye pindo. Kicheko kikaisha.

"Wifi. Huu uzi wa kijani umetoka wapi?"

"Si niliushona mimi jana, ukanicheka."

"Niliufumua." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Ulipolala. Niliokota uzi wa njano chini ya meza, nikalirudia pindo lote. Nilifunga na fundo langu la mara tatu. Sikukwambia, nilijua utasema najitia kujua kazi kuliko wewe."

Hapo ndipo fundi alipokumbuka mdomo wa pango. Alipoinama. Aliponong'ona.

Wote wanne wakamtazama mtoto. Hakuwa akiongea tena. Alikuwa anatabasamu, na macho yake yalizunguka chumba taratibu, pembe moja baada ya nyingine, kama mtu anayekagua nyumba aliyopangishwa.

Walirudi usiku uleule, fundi na mumewe. Mlinzi aliwafungulia geti, akawamulikia tochi. Vipaza sauti vilikuwa vimezimwa. Benchi lilikuwa tupu. Fundi aliita hadi sauti ikakatika. Mlima wa saruji ulimrudishia jina, kila mara kwa kuchelewa kidogo kuliko ilivyopaswa.

Polisi walikuwa watu wastaarabu. Walimpa kiti. Waliomba picha ya aliyepotea, akawapa. Afisa akaitazama picha, kisha akamtazama mtoto aliyekaa mapajani mwa baba yake, gauni la njano, miguu inaning'inia.

"Mama," akasema polepole. "Si huyu hapa?"

Nani atamtafuta mtoto aliyekaa mbele ya macho yake? Majirani tulisema fundi amechanganyikiwa, tukampikia, tukamfulia. Mume naye alisema, "Mama Chiriku, mtoto ndiye huyu. Tushukuru." Alisema hivyo akiwa anatazama ukuta. Bibi Harusi alihamia kulala chumba cha shangazi yake, na mlango wanaufunga kwa komeo.

Huu ni mwaka wa tatu. Fundi bado anashona, na kazi yake ni safi kuliko zamani. Yule mtoto anakula, anakwenda shule, anajibu akiulizwa. Mwenye macho ameona jambo moja, ingawa halizungumzwi. Watoto wa umri wake wote mtaani wamerefuka, wamebadilisha viatu mara mbili, mara tatu. Yeye gauni la njano bado linamkaa sawasawa. Pindo halijahitaji kuguswa.

Jumamosi, fundi huamka akapanda gari peke yake, akaenda kukaa kwenye lile benchi karibu na kibanda cha tiketi. Wahudumu wamemzoea. Hukaa mpaka wanapofunga, hasemi na mtu. Mume amechoka kumkataza.

Jumamosi iliyopita alirudi akapitia kwangu. Hakuketi. Alifungua kiganja akanionyesha kitu alichokikuta kimezungushwa kwenye ubao wa benchi.

Ulikuwa uzi wa njano, mrefu, mmoja, usiokatika. Bado ulikuwa na vile vikunjo vidogo vinavyoachwa na cherehani, kila kimoja mahali pake. Mwisho wake mmoja ulikuwa na fundo, lililofungwa mara tatu.

"Umevutwa taratibu," fundi akanong'ona. "Kama nilivyomfundisha."

Akauzungusha kwenye kidole, akaupima kwa macho, kifundi. Ulitosha pindo zima.

"Huko aliko," akasema, "gauni limeanza kumwia fupi."