Mstari wa Nne

Ruta ya ofisi ya Utemini, kile kisanduku kinachoelekeza mawasiliano ya kompyuta, ilikuwa na njia tatu tu, na Eliana aliziandika mwenyewe mwaka 2003, kampuni ya kununua alizeti ilipomwajiri kuunganisha kompyuta za hapo na za tawi la Manyoni. Jumatatu asubuhi akakuta mstari wa nne. Anwani haijui. Akaipima kwa kompyuta, ikajibu kutoka umbali wa hatua tano, yaani vituo vitano vya mtandao. Akaufuta, akaenda kunywa chai.

Aliporudi, mstari upo. Sasa hatua nne.

Mwingine angeuacha, lakini Eliana na ubishi wake, akafuta tena. Chumba kikaanza kunuka ngozi mbichi ya mnyama. Mtoto tumboni, aliyekuwa akicheza tangu alfajiri, akatulia. Ilikuwa mimba ya miezi saba, na mbili za kabla yake zilitoka.

Kufika Jumatano ilibaki hatua moja, na nyuma ya ukuta kitu kikawa kinapumua taratibu kama ng'ombe aliyelala, na feni ikasimama yenyewe, na ile harufu ikamwingia kwenye nguo na kwenye mate, na tumboni kimya, kimya tangu Jumatatu, mpaka akawa anambembeleza mtoto kwa mikono yote miwili asogee japo kidogo. Aliogopa mno.

Yunisi, mama mzee mfagiaji, ambaye kijijini kwao Mgori watu humpelekea wagonjwa, akasimama mlangoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Unamzibia njia, mwanangu?"

"Nimefuta mara nne."

"Ndiyo kosa. Jini akizibiwa njia hutafuta ya karibu zaidi." Alishusha sauti. "Kwetu tunamwekea kuku mweusi njia panda, anaondoka na atakayepita. Mpe njia ya kwa mtu mwingine. Akishamfikia huyo, kwako harudi. Ila akiwa bado njiani, anaweza kugeuka."

"Kwa nani, mama?"

"Hilo usiniulize mimi."

Mtu mwingine kwenye ruta ile alikuwa mmoja tu: Damari, mtunza kompyuta wa tawi la Manyoni, katoka likizo ya uzazi juzi, anafanya kazi na mtoto mgongoni. Eliana alilijua hilo. Yeye ndiye aliyemnunulia kanga za uzazi. Akaandika njia mpya: anwani ile ipitie Manyoni.

Feni ikazunguka. Harufu ikakatika. Mtoto akapiga teke, na Eliana akalia kwa furaha peke yake mle chumbani.

Alhamisi saa tatu simu ikaita.

"Dada Eliana." Damari alinong'ona. "Huku kunanuka ngozi, sijui ya nini. Mwanangu kakataa kunyonya tangu asubuhi. Halafu kwenye ruta yangu kuna mstari siujui, hatua tano. Niufute?"

Eliana alishika tumbo lake. Mtoto alikuwa anacheza.

"Dada, unanisikia?"

"Nakusikia, mdogo wangu," alisema. "Futa. Mstari ukirudi, futa tena."