Bati Lililozikwa kwenye Chumvi

Maji ya beseni yaliisha, na hakuna aliyeyatumia. Mathilde alikuwa ameingia ndani kuchukua kisu tu. Alipotoka, beseni aliloliacha limejaa hadi ukingoni lilikuwa kavu kama limepanguswa kwa kitambaa, na samaki sitini wa makobo waliokuwa wakingoja kuoshwa walimtumbulia macho chini ya jua la Oktoba.

"Nani amemwaga maji yangu?"

Uani hakukuwa na mtu ila mumewe, Baudouin. Alikuwa ameketi kwenye kigogo hatua mbili kutoka kwenye beseni, kiko mdomoni, macho ameyafumba kwa raha.

"Mi sijagusa, mama Cadette. Angalia chini, hata udongo haijalowana."

Alisema kweli, na hilo ndilo lililomuudhi Mathilde zaidi. Udongo ulikuwa mkavu. Akachukua ndoo akaenda kuteka tena, akinung'unika njia nzima, maana wanaume wa siku hizi ukiwakalisha karibu na kazi, kazi yenyewe inakimbia.

Mji mzima wa Kashikishi, upande wa Zambia, ulimjua Mathilde kwa samaki wake wa moshi. Alivuka kutoka Pweto, Kongo, wakati wa vita, amebeba mtoto wake Cadette mgongoni na chanja ya waya kichwani, na wanunuzi wa Lubumbashi walipofika ng'ambo hii ya ziwa Mweru walimuulizia kwa jina. Ukimpa kipande cha samaki aliyekaushwa na mtu mwingine, angekinusa na kukuambia ni kuni za mti gani, na kama zilikuwa mbichi. Baudouin yeye alitengeneza injini za mitumbwi. Alikuwa fundi mzuri na mtu mpole, ila alikuwa na ugonjwa mmoja: alipenda kuonekana bwana.

Ugonjwa huo ndio ulioleta kiko nyumbani. Wiki iliyotangulia, upande wa Nchelenge, watu walikuwa wakibomoa ghala la Mgiriki mmoja wa zamani, mnunuzi wa samaki aliyekufa kabla Baudouin hajazaliwa. Ndani ya ukuta, nyuma ya matofali, walikuta sanduku la mbao lililojaa chumvi ya mawe. Baudouin, aliyekuwa amekwenda kuwasaidia, aliivunja kwa patasi. Katikati ya chumvi palikuwa na kiko, na bati la tumbaku la duara, lililozibwa kwa risasi iliyoyeyushwa pande zote. Mtu mwenye akili angejiuliza kwa nini mfanyabiashara aizibe tumbaku kwa risasi, aizike kwenye chumvi, kisha aijengee ukuta. Baudouin hakujiuliza. Alilitia bati mfukoni na kurudi nyumbani akipiga mluzi.

Juu ya bati alisoma neno moja tu, Latakia, akalitafuta kwenye simu, akakuta ni jina la tumbaku ghali ya ng'ambo. Kuanzia hapo hakukaliki. Alimwita Davies, mvuvi wa Kibemba waliyepakana naye ua, aliyemletea Mathilde samaki kila asubuhi, akamkalisha kama mwanafunzi.

"Unajaza polepole. Chini ulegeze, juu ukaze kidogo. Na usivute mpaka ku kifua, Davies, hii haiko sigara. Unaiweka mu kinywa tu, unaionja."

Davies akavuta, akauzungusha moshi kinywani. "Awe, bashi Cadette," akasema mwishowe, akimwita baba Cadette kwa lugha ya kwao. "Iyi ni ya bwino sana. Kwanza iko kama ubani ya ku misa. Nyuma inakuja ngozi, kama kiatu mupya. Na sasa kuko utamu, mbali, mbali."

"Ule utamu ni jani ingine, ya ku Turuki. Ndogo kama kidole. Wanachanganya. Latakia yenyewe ni ile nyeusi."

Mathilde aliinusa kutoka kwenye chanja yake, na mikono ikasimama. "Hii jani wameibanika," alisema. "Wameitundika juu ya moto ya majani mabichi, siku nyingi, kama mi nafanyaka samaki. Lakini kuni yake siijui."

Kazi ile ilikuwa nzuri kuliko yake. Alilijua hilo mara moja, na lilimchoma. Moshi ulikuwa umeingia kwenye jani mpaka kwenye mishipa, mtamu, mzito, bila chembe ya uchungu. Angeweza kukaa pale jioni nzima akinusa. Badala yake alimkaripia mumewe kwamba injini ya watu inamngoja.

Siku ya tatu beseni lilikauka tena. Siku ya tano pipa zima la maji ya kunywa. Majirani wakasema limetoboka, Mathilde akalipindua, akalichunguza juani, hakuona hata tundu la sindano. Lakini kila maji yalipotoweka, Baudouin alikuwa karibu, akivuta. Na bati halikupungua. Alichota asubuhi, alichota mchana, akachota na wageni, maana sasa walikuwa wakija watu wanne watano kunusa na kumwita bwana, na kila alipofungua kifuniko jani jeusi lilikuwa pale pale, limejaa, linang'aa kwa mafuta.

Kisha Mathilde akaona kwamba mumewe hatoki jasho. Joto la Oktoba lilikuwa linapasua midomo ya watu, mbwa wamelala chini ya mitumbwi, na Baudouin aliinama juu ya injini saa sita mchana, shati kavu, paji la uso kavu. Alikunywa maji jagi kwa jagi na hakwenda kukojoa. Ngozi yake ikaanza kung'aa rangi ya hudhurungi. Mathilde aliijua rangi ile. Aliiona kila siku ya maisha yake, kwenye samaki siku ya pili juu ya moto.

"Toka ku ile kintu!" alimpigia kelele. "Unakauka, Baudouin! Mi nakuona kwa macho yangu, unakauka!"

"Wivu," akasema Baudouin, na alipotabasamu mdomo ulipasuka pembeni, wala damu haikutoka. "Una wivu juu batu wananiheshimu."

Mathilde alimnyang'anya bati na kiko, akavifungia kwenye sanduku la nguo, ufunguo akautia kifuani. Aliporudi uani alimkuta mumewe ameketi palepale kwenye kigogo, mikono mitupu magotini, na mdomo wake ukifanya pu, pu, pu, kama anavuta, na moshi wa bluu ukitoka puani mwake, ukishuka kifuani, ukitambaa chini mpaka kwenye ndoo ya maji aliyotoka kuteka Mathilde mwenyewe, ukaizunguka, ukaingia, na maji yakashuka ndani ya ndoo bila sauti, polepole, kama yanavyoshuka mtu anapokunywa kwa mrija.

Davies aliacha kuja siku aliyompa Baudouin mkono. "Bana Cadette," alimnong'oneza mama Cadette mlangoni, akijifuta kiganja kwenye suruali, "mukono yake inalia. Inalia kama chisense, samaki ndogo-ndogo kavu, mu gunia." Wageni wengine wakafuata, mmoja mmoja. Wale waliokuwa wakimwita bwana sasa walipita njia ya mbali. Mathilde aliwahesabu wote kichwani, jina kwa jina, na hakumsamehe hata mmoja.

Akamwita Mutumishi Lévi, mhubiri aliyewasalisha Wakongomani kwenye kanisa la mabati karibu na soko. Lévi alikuja saa tisa mchana, Biblia kwapani. Harufu ilimpokea mlangoni, na kwa muda alisimama tu, akiivuta kwa pua, uso wake umelegea, mpaka Mathilde alipompiga bega.

"Mutumishi! Hukukuja kunusa!"

Lévi akashtuka, akaona haya, akaweka mkono juu ya kichwa cha Baudouin na kuanza kuomba. Nywele zilivunjika chini ya kiganja chake. Aliendelea hata hivyo, na katikati ya maombi Baudouin akafungua mdomo, moshi ukatangulia, na nyuma ya moshi ikaja sauti ambayo haikuwa yake. Ilikuwa kavu, ya chini, na yenye hasira kiasi kwamba vyombo vya bati ukutani vilianza kugongana.

"Nilikuwa chemchemi," ilisema. "Juu ya mlima, mbali, nyuma ya bahari. Walikata miti yangu yote wapate moshi wa kubanika tumbaku yao. Nikakauka. Mimi niliyewanywesha babu zao nilikauka, na hawakunitazama, walikuwa wakisifia harufu. Nikaingia kwenye jani, maana hapakuwa na pengine. Yule mzee alinijua, akanifungia. Huyu amenifungua. Naye ana maji kidogo tu."

"Toka ku bwana yangu!" Mathilde akafoka.

"Nitatoka akiisha."

Lévi alimvuta Mathilde pembeni. "Mama," akanong'ona, "ile bati ilikuwa mu chumvi?"

"Mu chumvi, ndiyo. Sanduku muzima."

"Juu ya nini mutu anaweka kintu mu chumvi?"

"Juu isioze. Mutumishi, mi nakausha samaki, unaniuliza mambo ya chumvi?"

"Ao juu isipate maji. Ngoja, mama. Tufikiri kwanza. Yule mugiriki aliifungia mbali na maji..."

Lakini Mathilde hakuwa mtu wa kungoja tena. Siku kumi na moja alikuwa ameambiwa angoje, ana wivu, pipa limetoboka, tufikiri. Hasira ilikuwa imempanda mpaka masikioni, na ndani ya hasira ile alikumbuka kitu ambacho kila mwanamke wa pwani hii anakijua. Samaki mkavu hapikwi hivihivi. Unamloweka kwanza, na akilowekwa vizuri nyama inarudi.

Alimwinua Baudouin peke yake. Mwanaume mzima, naye alikuwa mwepesi kama kapu tupu. Alipita naye katikati ya mitumbwi mchana kweupe, mbele ya wauza samaki na wanawake waliokuwa wakifua, Lévi akimkimbilia nyuma akilia, "Mama, usifanye! Mama Cadette, ngoja!", na yeye hakugeuka, akaingia ziwani na viatu vyake, maji yakamfika magotini, kiunoni, kifuani, akamzamisha mumewe hadi kichwani na kumshika hapo, na maji yakachemka pande zote, yakalia kama kikaango, yakatoa povu jeusi lenye mafuta lililonuka ubani na ngozi na ule utamu wa mbali, na mikononi mwake akahisi nyama ikivimba, mbavu zikifunikwa, uzito ukirudi kidogokidogo, mpaka mume wake alipompiga teke la tumbo na kuinuka akikohoa, akitapika, jasho na machozi yakimtiririka.

"Mathilde," akasema Baudouin kwa sauti yake mwenyewe. "Unataka kuniua?"

Akamkumbatia, akampiga kofi, akamkumbatia tena. Na hapo, akiwa bado amemshikilia, akasikia nyuma yake, kutoka katikati ya ziwa, pumzi ndefu. Haikuwa sauti ya kitu kinachoumia. Ilikuwa sauti ya mtu aliyetoka safari ya jua kali akapewa maji, akameza mara ya kwanza.

Lévi alikuwa amepiga magoti mchangani. Macho yake yalikuwa katikati ya ziwa.

Usiku ule Baudouin alilala, akatoka jasho hadi shuka likalowa. Mathilde alilikamua shuka lile kulipokucha, maji yakadondoka uani, na alicheka peke yake kwa furaha. Kisha Davies akaita mlangoni. Alikuwa ameshika ndoo, na uso wake haukuwa wa kawaida.

"Bana Cadette, angalia iyi. Nimeitoa ku wavu sasa hivi. Haijakufa."

Alikuwa kobo mkubwa, anapiga mkia. Mathilde alimshika, akachukua kisu na kumpasua tumbo. Hakukuwa na damu. Nyama ilikuwa ya hudhurungi, imekauka mpaka kwenye mfupa, kazi safi isiyo na kasoro, na moshi mwembamba ukatoka ndani, wa bluu, mtamu, huku matamvua ya samaki yakiendelea kufunguka na kufungika.

Alimwacha Davies na ndoo yake, akateremka ufukweni. Mitumbwi iliyofungwa jioni ikielea ilikuwa imekaa kwenye mchanga mkavu. Jiwe la kufulia, ambalo maji yake hufika kiunoni, lilisimama wazi, na mbele yake matope yalikuwa tayari yamepasuka. Maji yalianza mbali, hatua arobaini au zaidi, na juu yake, mpaka ng'ambo ya Kongo isionekane, ulikuwa umetanda moshi wa bluu.

Lévi alikuwa amesimama pale tangu alfajiri.

"Nilikuambia ungoje," akasema.

"Ulikuwa unataka nimuache akufe?"

Wanawake walianza kushuka na ndoo zao, wakisimama mmoja mmoja, wakiuliza maji yamekwenda wapi. Mathilde alikunja ngumi ndani ya kitenge chake. Alikuwa na hasira na Mgiriki, na wakata miti wa mlima ule, na Baudouin aliyetaka kuitwa bwana, na kama wangemuuliza mbele ya Mungu angesema wazi kwamba angeingia ziwani tena na mume wake mikononi.

Hakuna aliyemuuliza. Kutoka ndani ya ule moshi, taratibu, bila haraka yoyote, ilisikika pu, pu, pu. Na mstari wa maji ukarudi nyuma hatua nyingine.