Fomu za Kiwanja cha Kamuiru

Wewe unayesoma haya, umewahi kusikia jibu lako likisomwa mbele ya watu, ilhali hakuna aliyekuuliza swali? Mimi nimesikia. Nilikuwa nimeketi kwenye kiti cha plastiki katika ukumbi wa kanisa, kitambaa changu cha kichwa kimelowa mvua, nikasikia kwamba ninataka bembea mbili na njia ya mawe. Bembea! Mimi mwenye magoti haya! Aliyeniandikia ni mjukuu wangu mwenyewe. Ngoja nikueleze tangu mwanzo.

Mtaa wetu wa Kamuiru uko chini kidogo ya mtaa wa Dallas, hapa Embu. Nina ng'ombe mmoja wa maziwa na ndama wake. Kila asubuhi mimi hukama, na mjukuu wangu Kanini, aliye gredi ya sita, hupanga chupa kwenye kikapu na kuzipeleka nyumba kwa nyumba kabla ya kwenda shule. Anajua kila mlango. Anajua ni wapi kuna mbwa mkali, ni wapi chupa huwekwa dirishani, na ni nani hafungui mpaka umwite mara tatu.

Katikati ya nyumba zetu na barabara kuna kiwanja cha ekari mbili. Ni ardhi ya umma. Sehemu ya juu ni mteremko wenye vichaka, na huko ndiko ninakofunga ndama wangu. Sehemu ya chini, kando ya barabara, ni tambarare. Hapo Kanini na wenzake hucheza netiboli. Milingoti waliichimbia wenyewe, mmoja mrefu kuliko mwingine.

Mwezi wa kumi, bodi inayopanga bustani na viwanja vya mji ilimtuma afisa wake, Madam Lorna. Alitueleza kwamba kiwanja kisipopangiwa kazi, siku moja tutaamka tukute mtu amekizungushia mabati. Kulikuwa na mipango miwili: bustani ya umma, au vibanda vya maduka. Basi akaleta fomu arobaini na nane, moja kwa kila nyumba, akamkabidhi Bwana Nyamu, mzee wa mtaa wetu, ambaye ana duka la misumari na mabati.

"Fomu ijazwe na mtu aliyeketi na wenye nyumba akawasikiliza," alisema Madam Lorna. "Si hivyo, Bwana Nyamu?"

"Bila shaka, madam."

Gari la Madam Lorna lilipoondoka, Bwana Nyamu alimwita Kanini. "Wewe mwenye mwandiko kama wa mashine, na milango yote unaijua. Zungusha hizi. Jumatatu uniletee."

Kanini alifurahi sana. Jumamosi asubuhi alivaa sweta, akafunga fomu ndani ya mfuko wa nailoni kwa sababu ya manyunyu, akatoka. Kumbe kuuliza watu si kama kupeleka maziwa. Mama Njura alimweka nusu saa akimweleza habari ya mtaro uliozibika. Mzee Murungi alitaka kwanza ajue kama kutakuwa na choo, na nani atakuwa na ufunguo wa choo hicho. Kufikia saa saba, Kanini alikuwa amemaliza nyumba kumi na moja tu. Hapo rafiki yake Njoki akamwita kutoka kiwanjani.

"Kanini! Wale wasichana wa Dallas wamefika, na hatuna golkipa!"

"Bado nina nyumba. Ningojeeni kidogo."

"Kidogo gani? Njoo ama uache, tutamweka Kajuju."

Kajuju hawezi kudaka hata mkate. Kanini akaenda.

Saa kumi na moja alirudi nyumbani na matope hadi magotini, akaketi mezani, akazijaza fomu thelathini na saba zilizobaki. Alifuata mpangilio wa milango kama anavyoufuata asubuhi kwa maziwa. Nawe unajua sisi huku nyumba huitwa kwa jina la mzee wake. Kwa Runji. Kwa Kaberia. Kwa Ngari. Akaandika majina hayo, na chini ya kila jina akaandika bustani. Huyu anataka maua, yule viti vya kukalia, yule bembea, na wengi wao uwanja wa netiboli. Hakupewa kitu na mtu. Aliamini anawatakia mema, na kwamba hata angewauliza wangesema hayo hayo.

Mimi nilipita na sufuria ya githeri, nikaona fomu zimetandazwa wino ukauke. Nikasema, "Jamani, mwandiko!" Sikuuliza zaidi. Hilo ni kosa langu, na ninaliandika hapa.

Ijumaa tukakusanyika ukumbini. Madam Lorna alianza kusoma fomu kwa sauti. Mwanzoni watu walitabasamu. Fomu yangu ya bembea iliposomwa, nilimtazama Kanini, naye akatazama viatu vyake. Bwana Runji akanong'ona, "Mimi nilisema hayo lini?" Ndipo Bwana Nyamu akasimama. Yeye alitaka vibanda tangu mwanzo, maana vibanda hujengwa kwa mabati. Akaomba aangalie fomu, akapekua, akavaa miwani.

"Madam, hii inasema Bwana Kaberia anataka miti ya kivuli. Kaberia alihamia Siakago tangu Pasaka. Atakuwa akija na kivuli chake?"

Watu wakacheka.

"Na hii. Mzee Ngari. Tulimzika mwezi wa tatu, mimi mwenyewe nilishika koleo. Anasema angependa bustani yenye viti, apumzike jioni." Akazungusha macho ukumbini. "Hata marehemu wamepiga kura!"

Kicheko kilianza, kikakatika. Ruguru, mjane wa Ngari, alikuwa ameketi safu ya tatu. Alisimama, akajifunga leso vizuri, akapita katikati ya viti bila kumgusa mtu, akatoka kwenye mvua.

Madam Lorna akafunga faili. "Siwezi kutumia hata moja ya fomu hizi. Hata kama kumi ni za kweli, nitazijuaje? Nani alizizungusha?"

Bwana Nyamu aliketi chini. Niliona anachunguza dari.

Kanini akasimama. Sauti yake haikuwa kubwa, lakini ilisikika. "Ni mimi. Nyumba kumi na moja niliuliza. Nyingine nilijaza mwenyewe."

"Nilikupa wewe, Bwana Nyamu," alisema Madam Lorna.

"Nilikuwa na wateja, madam."

"Nami nilikuwa na imani nawe." Akamgeukia Kanini. "Nitarudi Ijumaa ijayo na ramani. Nikikosa maoni ya kweli, bodi itaondoa Kamuiru kwenye mpango wa mwaka huu, na hicho kiwanja mtakilinda wenyewe. Utarudi kila mlango. Utasema ulichofanya, kisha utauliza, na kila mtu atatia sahihi mwenyewe. Bwana Nyamu atatembea nawe."

Nyumbani Kanini alilia mpaka kwikwi. "Cucu," alisema, akiniita bibi kwa lugha ya kwetu, "sikukumbuka kwamba amekufa. Tunasema kwa Ngari, kwa Ngari, nikaandika tu."

"Ungeenda mlangoni ungekumbuka," nilimwambia. Sikumbembeleza. Ilikuwa vigumu kutombembeleza.

Basi wiki hiyo, kila siku baada ya shule, tuliwaona wakipita, mtoto mbele na Bwana Nyamu nyuma na mwavuli wake, amenuna. Bwana Runji aliwaacha wasimame nje kwenye manyunyu hadi alipomaliza chai yake. Jirani yake Mama Njura alishika kiuno. "Kumbe nilitaka maua! Mtaro wetu umeziba miezi minne, mimi naota maua!" Na wavulana wa gredi ya saba hawakumwacha. "Kanini, niandikie babu yangu pia! Amelala kaburini Kibugu, anataka jiko la gesi!"

Lililomuuma zaidi, hata hivyo, ni majibu yenyewe. Nyumba nyingi kuliko alivyodhani hazikutaka alichoziandikia. Mlango baada ya mlango ulisema maduka, na yeye ilimbidi aandike maduka. Aliogopa hata kumkumbusha mtu habari ya netiboli, asije akaambiwa anawatilia tena maneno mdomoni. Mimi aliponiuliza, nilimwambia ukweli: kiwanja kiachwe kilivyo, ndama wangu ale majani. Aliandika huku ameuma mdomo, nikatia sahihi.

Ni mlango mmoja tu ambao haukujibu. Kila asubuhi Ruguru alipokea maziwa, akarudisha chupa ya jana ikiwa imeoshwa, akafunga. Jioni, Kanini akibisha na fomu, hakufungua. Alhamisi Bwana Nyamu mwenyewe alivua kofia, akasema akiwa nje ya mlango ule, "Mama, yale maneno ya ukumbini hayakunifaa. Nisamehe." Ndani kulisikika kijiko kikigonga sufuria, basi.

Ijumaa Madam Lorna alirudi na ramani kubwa, akaibandika ukutani kwa gundi ya karatasi. Nyumba ishirini na sita zilitaka bustani, kumi na saba maduka, na tatu, pamoja nami, tulisema kiachwe. Kwa Kaberia ni patupu. Nyumba moja haikujibu.

"Bustani imeshinda," alisema Madam Lorna, "lakini watu wa nyumba kumi na saba siwezi kuwapuuza. Juu na katikati itakuwa bustani. Chini, kando ya barabara, tutaacha ukanda wa vibanda kumi. Vitagawanywa kwa kura kati ya wale walioviomba kwenye fomu zao."

Kanini aliitazama ramani muda mrefu. Kisha akainua mkono. "Madam, hapo chini ndipo tunapochezea netiboli. Huku kwingine ni mteremko."

"Najua. Nimezisoma zote mara mbili, Kanini. Hakuna nyumba hata moja iliyoandika netiboli."

Nikainamisha kichwa, maana hata fomu ya nyumba yetu ilisema ndama. Njoki aliinuka, akatoka bila kumngoja rafiki yake.

Madam Lorna akaja akaketi karibu na Kanini. Hakumkaripia. "Ungeniletea zile fomu kumi na moja, ukaniambia umeshindwa kumaliza, ningekuongezea wiki. Hakuna ambaye angekucheka. Na labda ungepata nafasi ya kuwaeleza watu mnachopenda nyinyi wasichana, nao wangekusikiliza, maana hawakuwa na sababu ya kukushuku. Ukimwandikia mtu jambo ambalo hakulisema, hata liwe jambo zuri namna gani, umemnyang'anya mdomo wake. Na wakati ukija wa kutumia mdomo wako mwenyewe, utakuta hauaminiki. Haya si yako peke yako. Bwana Nyamu alikusukumia kazi yake, na mimi sikufuatilia. Lakini mkono ulioandika ni wako."

"Ndiyo, madam," alisema Kanini.

Watu walianza kuinuka, viti vikikwaruza sakafu. Ndipo nikamwona Ruguru mlangoni. Sijui alikuwa amesimama pale tangu lini. Alikuja moja kwa moja hadi kwenye meza.

"Mtoto, karatasi ya nyumba yangu iko wapi?"

"Hii hapa, Mama."

"Juu umeandika jina la nani?"

"Sijaandika. Nimeacha wazi."

"Andika Ruguru."

Kanini akaandika. Ule mwandiko wake mzuri ulipinda kidogo. Ruguru alingoja hadi herufi ya mwisho.

"Mzee wangu angetaka bustani," alisema. "Na kiti, apumzike jioni, hivyo hivyo ulivyomwandikia. Hapo hukukosea, na ndiyo maana iliniuma. Lakini yeye hayupo, na mimi sikuulizwa. Ulipokuja kuniuliza nikaona haya, kwa kuwa najua unavyoupenda mpira wako, na ni wewe unayeniletea maziwa. Leo nitasema. Mimi nataka kibanda. Cha uji na chapati, pale kando ya barabara, pale pale penye milingoti yenu."