Vitaa Vilivyokatwa Miguu

Kila alipomaliza kuosha vyombo, Nadhifu alipanga vikombe kabatini vishikio vyote vikielekea upande mmoja. Jina hilo la utani alipewa na bibi yake, nalo lilimkaa sawasawa.

Alhamisi hiyo vyombo vilioshwa mbiombio, kwa kuwa kesho yake kulikuwa na maonyesho ya sayansi shuleni. Mezani alikuwapo Kasuku, mtoto wa jirani asiyejua kunyamaza. Tayari alikuwa amechomeka chipu mbili na nyaya kwenye ubao wa matundu. Vilibaki vitaa kumi vya LED walivyonunua kwa fundi wa redio, ambavyo vingewaka kimoja baada ya kingine hadi mwanga uonekane unakimbia.

Kila kitaa kilikuwa na mguu mmoja mrefu na mmoja mfupi. Nadhifu hakuweza kuvumilia fujo hiyo. Kasuku alipokwenda kunywa maji, yeye alitwaa mkasi, akaikata miguu yote ikatoshana, kisha akavichomeka vitaa katika safu iliyonyooka kama rula.

Wakaunganisha betri. Vitaa sita viliwaka kwa zamu, vinne vikagoma kabisa. Safu ilionekana kama kinywa chenye mapengo.

"Fundi katuuzia vibovu!" Kasuku alifoka. "Twende tukamwambie! Na kesho nitamtaja mbele ya shule nzima!"

Hapo ndipo Nadhifu alipokumbuka fundi alivyowaonya: mguu mrefu uelekee upande wa chanya.

"Labda ni vibovu kweli," alisema, macho chini.

Walibeba ubao wao hadi kwa fundi, mama mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alikuwa kainamia redio iliyovuliwa mfuniko.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Mbona nyuso zimekunjamana?"

Kasuku alimwaga yote bila kupumua. Fundi aliweka bisibisi chini.

"Mimi hupima kila kitaa kabla sijauza," alisema. "Lakini nami ni binadamu, huenda nilipitiwa. Nisameheni. Chukueni vingine vinne."

Fundi alipovuta droo, Nadhifu alishindwa kuvumilia. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto.

"Usitupe vingine, mama! Hukukosea. Mimi ndiye niliyeikata miguu ili ilingane. Kasuku hakujua, nami nikanyamaza."

Kasuku alimkodolea macho mwenzake.

Fundi aliangua kicheko hadi miwani ikamteleza. "Yaani umevinyoa vitaa vyangu! Haya, papasa ukingo wa kitaa hiki. Umegusa upande ulio bapa? Hapo ndipo hasi."

Waligeuza vile vinne. Mwanga ukakimbia kutoka kitaa cha kwanza hadi cha kumi, ukarudi mwanzo, ukakimbia tena. Kasuku alipiga makofi na vigelegele.

"Sikiliza, binti yangu," fundi alisema. "Ungenyamaza, ungeondoka na vitaa vipya, ukaikata miguu tena, na mimi ningebaki na jina baya bure. Umesema ukweli, ndiyo maana tumepata pa kurekebisha. Usiogope kusema umekosea."

Kesho yake, mbele ya wageni wote, mwalimu aliuliza mbona vitaa vina miguu mifupi. Kasuku alifungua kinywa kumtetea mwenzake, lakini Nadhifu alimtangulia.

"Niliikata mimi, mwalimu," alisema akitabasamu. "Nikueleze nilichojifunza?"