Barua Tatu za Rejesta

Hapakuwa na maiti. Hapakuwa hata na kufuli lililovunjwa. Kilichoibwa kilikuwa barua tatu, na aliyekuja kuripoti wizi huo hakuwahi kuzitia machoni.

"Uliziandika wewe?" aliuliza Inspekta Eom Gi-taek.

"Hapana. Ziliandikwa na shirika la Seoul lililonipeleka Denmark nikiwa mchanga. Zilikwenda kwa mama aliyenizaa."

"Zikapotea njiani?"

"Zilipokelewa. Zote tatu."

Eom aliweka kalamu chini. Alikuwa na miaka ishirini na sita ya kazi, nusu yake katika kitengo cha mauaji, na mchana ule wa Novemba 2003 alikuwa hajatia kitu tumboni.

"Dada, barua ikipokelewa haijaibwa."

"Basi mbona hajajibu?"

Aliitwa Signe Ravnholt, miaka ishirini na tisa. Uso wake ulikuwa wa pale pale, kiasi kwamba askari wa mapokezi alimgombeza kwa kuongea kama mtoto wa chekechea. Kikorea alikuwa amejifunza ukubwani, darasani. Alitandaza mezani karatasi tatu zenye maneno yale yale: imepokelewa, hakuna jibu. Ya mwisho iliongeza kwamba jalada limefungwa.

"Kanuni yao ni barua tatu," alisema. "Baada ya hapo mama anahesabiwa amekataa, nami siruhusiwi kuomba tena. Jina lake hawanitajii. Anwani hawanipi. Karatasi zangu za Denmark zinasema nilizaliwa wilaya hii, na mama yangu ni Bi. Pyo. Basi."

"Kwamba huenda amekukataa kweli, hujawaza?"

"Nawaza kila siku, Inspekta. Lakini nataka nikataliwe na mtu. Nimechoka kukataliwa na karatasi."

Eom alimwonea huruma, na huruma hiyo ilimuudhi kuliko njaa. Akapiga simu Seoul.

"Hiyo ni siri ya mama," alijibu ofisa wa shirika.

"Mama mwenyewe kasema ni siri?"

"Hajawasiliana nasi."

"Sasa mmejuaje kwamba anataka siri?"

"Ni kanuni, Inspekta. Lete amri ya hakimu."

Hakimu naye akasema mlalamikaji hana haki ya kulalamika. Mwenye barua ni yule aliyeandikiwa, aje yeye.

"Mheshimiwa, aliyeandikiwa ndiye hatumjui."

"Basi mtafuteni kwanza."

Siku mbili ziliishia hapo, huyu akimsukumia yule. Eom alivuta pakiti tatu za sigara na kumfokea kila aliyepita karibu na meza yake.

Siku ya tatu akajiona mjinga. Karatasi za Signe zilikuwa na namba za rejesta, na barua ya rejesta haimtoki tarishi bila stakabadhi. Mkuu wa posta ya wilaya alikuwa rafiki yake wa jeshini. Alinung'unika kidogo, akataka kujengewa heshima kidogo, kisha akatoa bahasha ya stakabadhi.

Stakabadhi zilikuwa tatu. Mwandikiwa: Tak Bun-rye, kijiji cha Beodeul. Mahali pa mpokeaji, badala ya saini, palikuwa na muhuri mwekundu wa jina la ukoo. Pyo. Pyo. Pyo.

Signe aliutazama muhuri.

"Bi. Pyo," alisema. "Basi ni yeye. Alizipokea kwa mkono wake. Samahani kwa kukusumbua, Inspekta. Nitarudi nyumbani."

Alikuwa ameshabeba mkoba. Eom alimshika mkono wa koti.

"Kaa chini. Huko kwenu mke huchukua jina la mume?"

"Wengi, ndiyo."

"Kwetu hachukui. Mama yako ni Tak. Alizaliwa Tak na atazikwa Tak, hata aolewe mara kumi. Aliyetafsiri karatasi zako alimpachika jina la mumewe kuwafurahisha wazungu. Mwanamke mwenye muhuri wa Pyo ni binti wa nyumba ile, si mke."

Signe alikaa. Midomo yake ilikuwa ikitamka jina jipya polepole, kama mtu anayeonja. Tak Bun-rye.

Tarishi, Bwana Ma, walimkuta akifunga mizigo kwenye pikipiki.

"Beodeul? Nyumba ya Pyo? Nilimpa mama wa nyumbani."

"Mama yupi?"

"Wako wawili, mtu na wifi yake. Nilimpa aliyefungua lango. Kwani mimi ni kadhi, niwaulize ukoo?"

"Aliyefungua yukoje?"

"Mfupi, mkali. Mara ya tatu alinisubiri barabarani. Kwenye baridi ile! Nikasema moyoni, huyu anasubiri mchumba."

Walifika Beodeul saa nne asubuhi. Eom alimwacha Signe garini nje ya lango. Uani, wanawake wawili walikuwa wamechuchumaa wakipaka pilipili kwenye kabichi za kimchi, achari ya msimu wa baridi, mikono myekundu hadi viwikoni.

"Bi. Tak Bun-rye?"

"Ni mimi," alisema yule mrefu. "Nani amekufa?"

"Hakuna. Umewahi kupata barua ya rejesta?"

"Mimi? Nani aniandikie?"

"Una watoto?"

Bun-rye aliendelea kupaka pilipili. "Ninaye mmoja. Yuko mlimani. Alikufa wa siku kumi na mbili."

 Eom alimgeukia yule mfupi, Pyo Geum-ja, ambaye mikono yake ilikuwa imesimama.

"Muhuri wako, mama."

"Wa nini?"

"Nipe tu."

Ulikuwa kwenye kibweta, ndani ya chumba chake. Eom aliugonga kwenye daftari, akaweka stakabadhi kando. Ukingo wa kushoto ulikuwa umemeguka, na pengo lile lile lilionekana mara tatu katika wino mwekundu.

"Barua ziko wapi?"

"Chini ya mtungi wa mchele."

"Hukuzichoma?"

"Nilishindwa. Ningemchomaje tena?"

"Barua gani, wifi?" aliuliza Bun-rye.

Geum-ja alianza kusema akitazama kabichi. "Kaka alipokufa mgodini ulikuwa na mimba ya miezi saba. Akazaliwa msichana. Mama mzee akasema, mtoto huyu hana baba, na mama yake ana miaka ishirini na tatu. Akibaki, mama yake hataolewa. Akienda, atasoma Ulaya, na Bun-rye ataanza maisha upya. Kamba inayotundikwa langoni mtoto akizaliwa ilikuwa bado haijatolewa, hakuna jirani wa kuingia. Wewe ulikuwa na homa, hujitambui. Nilimbeba mgongoni hadi kwa watu wa shirika, Daegu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Waliniuliza jina la mama na kijiji, nikasema kweli. Uongo nilikuja kuujulia nyumbani."

"Mlisema alikufa usiku."

"Mama mzee alisema. Mimi nilikuonyesha jiwe."

"Kila mwaka tunapanda mlima pamoja," alisema Bun-rye. "Mimi nabeba supu ya mwani, ya siku ya kuzaliwa kwake. Wewe unanishika mkono penye utelezi."

"Ndiyo."

"Jiwe lile ni la nani?"

"Si la mtu. Nililichagua kwa kuwa lilikuwa karibu na njia."

 Eom alikuwa na pingu mfukoni, na alitamani mno kuzitumia. Lakini muda wa kushtaki wizi wa mtoto ulikwisha zamani, na mama mkwe alikuwa kaburini miaka minane. Zilibaki barua tatu, kosa la faini. Kesi nzima ya maisha mawili, na sheria ilikuwa na faini tu. Alitukana chinichini.

Geum-ja aliangua kilio ghafla, kilio cha hasira. "Ilikuwa uolewe! Ndiyo maana yake yote! Wachumba walikuja, ukawafukuza. Mbona hukuolewa?"

"Nilikuwa na mtoto mlimani," alisema Bun-rye. "Ningemwachia nani?"

Kisha akainua uso kwa Eom, kana kwamba ndiyo kwanza amesikia.

"Yuko hai?"

"Lazima tupime vinasaba kwanza. Maabara itachukua wiki mbili, na..." Eom aliacha. Alikuwa ameshachoshwa na kanuni. "Yuko garini, mama. Hapo nje."

Bun-rye alisimama, akapiga hatua mbili, akarudi. Aliitazama mikono yake.

"Ina pilipili," alisema. "Nitamuwasha."

Akaanza kunawa kwenye karai, kwa pupa, lakini maji yalikuwa yameshakuwa mekundu. Geum-ja, kwa mazoea ya miaka ishirini na tisa, alichota maji safi kwa kata akamnyooshea ammiminie. Bun-rye aliichukua kata mkononi mwa wifi yake bila kumtazama, akajimiminia mwenyewe.

Alinawa mara tatu. Kisha akajifuta kwa aproni na kwenda kufungua lango.