Butoyi Bila Mkubwa Wake

Titi la kulia la Joanitha lilikuwa linaamka tupu. La kushoto limejaa mpaka linavuja, la kulia limenyonywa likalegea, na mtoto mwenyewe bado amelala fofofo. Siku ya kwanza alisema ni uchovu wa uzazi. Siku ya nne akaanza kumtazama Marcelina kwa jicho la pembeni.

Marcelina alikuwa msichana wa Kirundi, yaya wa mtoto. Alivuka mpaka mwaka ule wa 2015, wakimbizi walipojaa ufukwe wa Kagunga hadi mchanga haukuonekana. Joanitha, nesi kutoka Bukoba, alimkuta huko kazini akamchukua aje kumsaidia Kigoma mjini. Hukohuko Kagunga alisikia mama mmoja akiita, "Butoyi! Butoyi weee!" Akaja mvulana. Kesho yake akasikia Butoyi mwingine, na huyo akawa msichana. Jina likamkaa moyoni.

Alipojifungua mtoto wa kike, mumewe, Edson, alilirukia. "Hilohilo! Baba ameapa anataka mjukuu wa kiume. Akisikia Butoyi, atajuaje?"

Wakacheka, wakaliandika kwenye kadi ya kliniki. Maana yake hawakumuuliza mtu. Kuuliza si ujinga, lakini wasomi wetu hawa, loo! Waliona aibu.

Siku ya tano, jua la mchana likiwaka, Joanitha alimfuma Marcelina akitandika kanga mbili kitandani. Ya kwanza ya mtoto. Ya pili ilikuwa tupu, imebonyea katikati, imelowa.

"Ya nani hiyo?"

"Ya mkubwa, Mama."

"Mkubwa gani? Unamletea nani mwanangu, wewe? Nani kakutuma?"

Marcelina alipiga magoti, machozi yakimtoka. "Mama, nisamehe. Butoyi ni pacha wa pili. Wa kwanza huitwa Bukuru. Nilidhani Bukuru wenu amefariki, na mfiwa haulizwi. Kwetu ukimtandikia mdogo, na mkubwa unamtandikia."

"Mimi sikuzaa mapacha!"

Marcelina aliitazama ile kanga, akaanza kurudi kinyumenyume.

"Sasa, Mama," akanong'ona, "anayelala hapa ni nani?"

Edson, ambaye Jumapili hakosi kanisani, alikwenda mbio Ujiji akarudi na Mzee Mwinshehe, mganga. Mzee alisimama mlangoni tu. Chumba kizima kilinuka maji ya ziwa yaliyolala.

"Mmemwita wa pili bila wa kwanza," alisema taratibu. "Nafasi ya mkubwa ikabaki wazi, na jini limeingia kuikalia. Jina jipya mnalo?"

Walitazamana. "Amani," akasema Edson. "La kike, la kiume."

"Haya. Mama ataoga, ataingia peke yake, atamnong'oneza mtoto jina hilo sikioni mara tatu. Atakayelisikia kwanza ndiye wa nyumba hii, mwingine ataondoka. Na likishatoka mdomoni halirudishwi, binti yangu. Mwangalie vizuri." Kisha akaenda kuswali adhuhuri.

Joanitha alioga maji ya baridi uani. Alikuwa anaogopa, tena anaogopa kweli, maana mtoto alikuwa huyo mmoja na kabla yake mimba mbili zilitoka. Akaingia chumbani akafunga mlango, akasogea hatua kwa hatua huku ile harufu ya maji ikimpanda kooni, pazia limetulia ingawa dirisha lilikuwa wazi, akainua neti akitarajia kuona viumbe wawili, akamwona mmoja tu, mwanawe, kipara chake, shingo yake nyembamba, amegeukia ukutani anapumua polepole, na kwa furaha ya kumkuta salama hakumgeuza kumtazama uso, aliinama palepale akaweka mdomo sikioni, "Amani," akasema, "Amani mwanangu, Amani."

Sikio lilikuwa la baridi.

Kilio cha mtoto kikasikika nje, chini ya dirisha.

"Usihangaike, mke wangu!" Edson aliita kutoka kivulini. "Nimemtoa ulipokuwa unaoga, joto lilimzidi. Uko tayari nimlete?"

Joanitha alirudi nyuma hatua moja. Kitandani, Amani alikuwa anageuka kumtazama. Kule nje kilio kilikatika.

"Joanitha," akasema Edson, sasa kwa sauti ya chini. "Joanitha, mbona mtoto anakuwa mwepesi hivi?"