Niliiona Chapa ya Uongo Kwenye Sumaa, Nikanyamaza

Wasomaji wenzangu, nina umri wa miaka arobaini na minne. Naishi Sib, hapa Oman, nyuma ya soko, mimi na baba yangu mzazi. Nimeachika na sina mtoto. Asubuhi nafanya kazi ofisini Qurum, nikirudi namhudumia mzee. Barua hii nimeianza mara tatu na mara tatu nimeichana... Leo nataka kuimaliza, hata kama mtanitukana.

Mambo haya yalianza kwa bunduki.

Msishtuke. Anayeijua Oman anaijua sumaa, ile bunduki ndefu ya zamani ya kitako cha mbao, yenye mkono wa chuma chini ya kifyatulio. Ukiushusha ule mkono bunduki inafunguka, unatia risasi moja, unaurudisha juu, basi. Wanaume wetu huzibeba siku za harusi na Idi wakicheza razha, ngoma yetu ya silaha, na hupiga hewani risasi za baruti tupu. Mzee asiye na sumaa siku hiyo hujihisi hajavaa nguo kamili.

Baba alikuwa na yake. Aliiuza mwaka nilioingia chuo, ili mimi nisome. Hakuniambia. Niliambiwa na marehemu mama. Tokea hapo, kila harusi namwona amesimama nyuma ya wenzake na bakora yake, anapiga makofi. Nani angelitazama jambo hilo miaka ishirini na asiumie?

Basi mdogo wangu Khalfan, kitinda mimba wetu, akaposa. Khalfan alikuwa fundi wa ndege hapa uwanjani, kijana wa mikono miepesi, hakuna kilichoharibika nyumbani asichokitengeneza. Nikajiapia moyoni kwamba siku ya harusi yake Baba atabeba sumaa yake mwenyewe!

Nilikwenda kwa fundi bunduki mmoja sokoni, anaitwa Hamdun. Mama yake Mpemba, kwa hivyo tulizungumza Kiswahili. Aliponitajia bei nilinyong'onyea. Lakini aliniona nina nia, akanilazia bunduki tatu juu ya meza.

"Bibie, tazama vizuri, maana wengi wanakuja kulia hapa baadae," aliniambia. "Hizi mbili ni za asili. Hii ina mkono mrefu, inakula risasi nene. Hii mkono wake mfupi, inakula risasi nyembamba. Kwa mbali ni mapacha, lakini ukizichanganyia risasi umejitafutia msiba. Haya, na hii ya tatu?"

Nikamwambia sioni tofauti yoyote.

"Ndiyo biashara yao hiyo! Hii imechongwa kwa mkono, milimani huko ng'ambo. Chuma chake kibovu. Tazama ubavu wa kulia. Za asili zina taji na herufi zilizonyooka. Aliyechonga hii hajui kusoma Kizungu, kanakili tu. Unaiona hii N? Imegeuka, kama unaiona kwenye kioo. Ukikutana na N kama hii, itundike ukutani. Usiipige hata siku moja."

Nilimshukuru nikatoka. Wasomaji, nilifunzwa! Sitaki mtu aseme maskini Raya hakujua...

Haikupita wiki, akanipigia simu Nasor, mtoto wa ami yangu. Tumekua pamoja, tumekula sahani moja. Alisema kapata sumaa ya asili kwa nusu ya bei ya Hamdun, mwenye nayo anahama nchi na anataka kuiondoa haraka. "Dada Raya, kuna watu wawili wanaisubiri. Mimi nimesema hapana, ya ami yangu kwanza." Maneno gani matamu zaidi ya hayo?

Aliileta alasiri imefungwa ndani ya blanketi. Ilikuwa nzuri! Kitako kimepambwa fedha, mtutu unang'ara. Alinipa na karatasi za kibali, akasema kuibadilisha jina atashughulikia yeye baada ya harusi. Sikulinganisha namba za karatasi na za bunduki. Niliona aibu. Utamkaguaje mtoto wa ami yako kama mwizi?

Alipoondoka nikachukua kitambaa na mafuta, nikaanza kuisugua. Nilipofika ubavu wa kulia mkono wangu ukasita.

Taji lilikuwepo, limepinda kidogo. Chini yake kulikuwa na herufi. Nikazisoma moja moja, na katikati yao N... imegeuka.

Nilimpigia Nasor papo hapo nikamwambia habari ya ile N. Alicheka. Akasema hata wachongaji wa zamani walikuwa binadamu wanaokosea, na kwamba Hamdun atasema ni bandia ili ninunue yake. "Wallahi dada, hii asili. Usijitie wasiwasi." Nilikata simu nikiwa nimekwisha kujua. Moyo wangu ulijua! Nikajipangia kwamba Jumamosi nitaipeleka kwa Hamdun, khalas.

Lakini kabla ya Jumamosi, Baba aliingia chumbani kwangu kutafuta miwani yake. Akaiona juu ya kitanda.

Aliinama akaishika kama mtu anayembeba mtoto mchanga. Akaushusha ule mkono wa chuma, akaurudisha, akausikiliza mlio wake. Machozi yakamtiririka mpaka ndevuni. "Mwanangu," alisema, "nlidhani ntakufa bila ya kuishika tena."

Ningemwambiaje? Ningemnyang'anya? Nilitabasamu, nikamwambia ni zawadi yake. Jumamosi ikapita. Nikajiliwaza kwamba zitapigwa risasi mbili tatu tu, tena za baruti tupu, nini kitatokea?

Siku ya harusi Baba alitangulia mbele ya watu, jambia kiunoni, sumaa begani. Sijapata kumwona vile. Risasi alizijaza yeye mwenyewe kwa mikono yake, baruti na karatasi, kama alivyozoea ujanani. Alipiga ya kwanza, vigelegele! Akapiga ya pili. Kisha akamkabidhi Khalfan akicheka. "Piga na wewe, bwana harusi!"

Khalfan aliinyanyua.

Mlio wa tatu haukufanana na ile miwili ya mwanzo. Ulikuwa mfupi na mkavu. Moshi ulipopungua nilimwona mdogo wangu amepiga magoti, dishdasha yake nyeupe imetapakaa damu, na anautazama mkono wake wa kushoto kama si wake. Bunduki ilikuwa imepasuka ubavuni. Ubavu ule ule...

Madaktari walijitahidi. Lakini Khalfan alipoteza vidole vitatu vya mkono wa kushoto na uoni wa jicho la kulia. Bibi harusi, Thuraya, alikaa hospitali na hina yake mikononi, hata hajavuliwa dhahabu. Mungu ambariki binti yule, hakumwacha. Kazi ya ndege, ndiyo basi tena. Walimpa kazi ya kuandika vifaa stoo.

Na Baba? Baba alikaa kwenye kiti cha ukumbi wa hospitali, anarudia neno moja tu. "Mimi. Ni mimi. Nlizidisha baruti."

Nilifungua kinywa. Naapa kwa Mola wangu, nilifungua kinywa nimwambie! Lakini pale walikuwepo ami zangu, shangazi zangu, wazee wa Thuraya... Nikakifunga.

Askari waliichukua bunduki. Afisa mmoja mpole aliniita peke yangu akanambia kwamba karatasi zile ni za sumaa nyingine, ya mkono mrefu, ilhali iliyopasuka ni ya mkono mfupi, tena bandia. Akaniuliza, aliyekuuzia alikudanganya? Wewe hukuona alama yoyote? Nasor alikuwa amekwisha kunipigia. Alisema, "Mimi nlikuuzia pambo. Nani alokwambieni muipige?" Kisha akaongeza kwa sauti ya chini kwamba nikimtaja, na yeye atataja ile simu niliyompigia kuhusu herufi.

Nikamwambia afisa kwamba sikuona chochote wala simshutumu mtu. Jambo likaandikwa kuwa ni ajali.

Hapo ndipo nilipomuuza baba yangu, wasomaji. Bunduki ilimkata Khalfan vidole, lakini Baba nilimkata mimi.

Aliacha kwenda msikitini kuswali jamaa na wenzake. Akawa anaswali chumbani. Khalfan akija kumwamkia, Baba anaufunika uso kwa kilemba chake ili asiuone ule mkono. Siku moja Nasor alikuja kutuzuru. Alikaa majlis yetu, chumba cha wageni, akala haluwa yetu! Baba akamshika mkono akamwomba radhi, akisema, "Mwanangu, ulitutafutia kitu kizuri, mimi nkakiharibu kwa ujinga wangu." Nasor akajibu kwamba ni kadari ya Mungu. Mimi nilikuwa nimesimama na birika la kahawa mkononi. Nikammiminia kikombe. Hakunitazama, wala mimi sikumtazama. Mnaweza kuelewa hali hiyo? Mwenyewe mpaka leo siielewi.

Nilijiambia nitasema baada ya Ramadhani. Kisha baada ya Idi, ili nisiiharibu. Kisha Thuraya akawa mjamzito, nikasema ajifungue kwanza. Akazaliwa mtoto wa kike, nikasema arubaini ipite. Udhuru hauishi, ukiutafuta kila siku unaupata!

Miaka miwili ikaenda hivyo. Baba akaanza kuuliza mama yuko wapi, ilhali mama tulimzika zamani. Akawa anavaa viatu miguu kinyume. Daktari akatwambia akili yake inazimika kidogo kidogo na dawa ya kuirudisha hakuna. Yaliyopita zamani atayakumbuka, ya leo hayatakaa.

Siku ile ile nikamwita Khalfan nikamwambia yote, tangu kwa Hamdun mpaka kwa afisa. Alinisikiliza huku akinitazama kwa jicho lake moja.

"Uliiona, dada?"

"Niliiona."

"Ukaiacha inifike mkononi?"

Alivaa makubadhi yake akatoka. Sasa anakuja kumtazama Baba tu. Mimi ananijibu salamu, kwa sababu kuijibu ni wajibu.

Kesho yake, baada ya chai, nilikaa chini miguuni kwa Baba. Nikamwambia kwamba bunduki ilikuwa bandia, nilijua, na baruti yake haikuwa na kosa lolote.

"Si baruti yangu?"

"Si baruti yako, Baba. Ni mimi."

Alilia kwa sauti, akaniwekea mkono kichwani. Akasema, "Nimekusamehe, mwanangu. Niitie Khalfan." Khalfan akaja, na kwa mara ya kwanza tangu harusi Baba aliushika ule mkono uliokatika, akaubusu. Alikula wali sahani nzima. Nilisujudu sijdatu shukri, kumshukuru Mola. Nilidhani Mungu kanifungulia mlango...

Asubuhi iliyofuata nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, anaitazama mikono yake. "Raya," alisema, "mimi nlimkata mwanangu vidole. Nlizidisha baruti."

Alikuwa amesahau! Msamaha, busu, machozi yetu, vyote vimefutika. Iliyobaki ni ile baruti, maana ile ameibeba muda mrefu, imeota mizizi.

Nikamwambia upya. Akaumia upya. Na siku ya pili yake tena. Sasa hiyo ndiyo kazi yangu ya kila asubuhi kabla ya kwenda ofisini. Siku nyengine ananisamehe. Siku nyengine ananifukuza, ananiambia nisimwite baba, na mimi natoka barazani nikasubiri ghadhabu imtoke kichwani, najua itatoka. Khalfan naye humwambia, "Si wewe, Baba, wallahi si wewe." Mzee anaitikia kwa kichwa. Ikifika alasiri anaanza tena kuitazama mikono yake.

Nimemuuliza daktari kama niache kumwambia, kwa vile namtia uchungu bure. Akasema uamuzi ni wangu. Nifanyeje? Nikinyamaza, anabaki na dhambi isiyo yake. Nikisema, namchoma kisu kile kile kila kukicha. Kama kuna mwenye jibu miongoni mwenu, anipe.

Kwa mwenye kutaka sumaa kwa bei ya kutupa, namwambia hivi. Asimwamini ndugu kwa undugu wake. Linganisha namba na karatasi, tazama ubavu, ipeleke kwa fundi asiyekuwa na faida na mauzo hayo, na usiyokuwa na yakini nayo usimpe mtu aipige. Nasor bado anauza.

Lakini kubwa zaidi ni hili, na nawaombeni kwa ajili ya wazazi wenu. Mkiwa na neno la kumtua mtu mzigo, lisemeni leo, mbele ya watu, kwa aibu yenu yote. Msingoje Idi wala arubaini. Mimi aibu niliyoikimbia siku moja pale hospitali, naionja kila asubuhi, na mwenye kunisamehe hawezi tena kukumbuka kwamba amenisamehe.